Kijapani cha Kusemea

Osaka, Januari

Shoga yangu Zuhura,

Salamu zangu kwa mama na wote hapo Tanga. Huku baridi inatutesa, ila tu wazima. Nimefurahi mno kusikia chuo kimekupokea na masomo yanaanza Aprili. Umeniuliza kama maneno uliyokariri kitabuni yatakutosha. Kwa mtihani, yatatosha. Kuongea na watu ni shughuli nyingine.

Matamshi yasikutie hofu. Irabu zao ni tano kama zetu na hutamkwa karibu vilevile. Chunga urefu tu: obasan ni shangazi, au mama yeyote wa makamo, obaasan ni bibi. Ukimrefushia asiyestahili, macho yake yatakujibu. Halafu neno lao la dubu utalikuta mwenyewe, na mji wa Kumamoto upo kweli kwenye ramani. Jikaze usicheke mbele ya wenyeji, maana sababu hutaweza kuwaeleza.

Darasa lako la kwanza liwe konbini, yale maduka madogo yanayokesha wazi. Muuzaji atakuuliza mambo yaleyale kila siku. Atatamemasu ka? Nikupashie chakula moto? Kisha atauliza habari ya fukuro, yaani mfuko, kwa sababu tangu Julai 2020 mifuko ya plastiki inalipiwa. Kitabu kimekufundisha kukataa kwa iie. Pale kaunta utasikia watu wanasema daijoubu desu, maneno ambayo kitabuni ni "hakuna shida", na muuzaji anaelewa kwamba mfuko hutaki. Ukianguka na baiskeli na mtu akakukimbilia, utamjibu hivyohivyo, na safari hii ataelewa hujaumia. Kwa hiyo kila usemi ukariri pamoja na mahali ulipousikia. Orodha za maneno matupu mimi siziamini tena.

Kukataa mwaliko ndiko kwenye utamu wake. Mwambie mwenzio mtoke Jumamosi, naye akivuta "doyoubi wa chotto..." sauti ikapotelea hewani, usikae kungoja mwisho wa sentensi. Imeshakwisha: haji. Chotto ni "kidogo", lakini hapo hakuna kidogo wala kingi. Wewe uliyekulia kwenye "inshallah nitakuja" za watu wasiokuja utawaelewa upesi kuliko wanafunzi wenzio wote.

Ile ikimasu ka ya kitabuni, "unakwenda?", waachie walimu, wazee na watu wa ofisini. Vijana wenyewe kwa wenyewe wanaulizana iku? na jibu ni iku, iku! Anata, yaani "wewe", ifungie kabatini kabisa. Mtu anaitwa kwa jina na san nyuma yake, au hatajwi kabisa na sentensi inaeleweka. Mwalimu ni sensei, awepo asiwepo.

Na kwa kuwa unakuja huku Kansai, yaani eneo hili la Osaka, jiandae: hontou, "kweli", hapa ni honma, dame, "haifai", ni akan, na wazee wa sokoni wanashukuru kwa ookini. Yabai ilikuwa ya mambo ya hatari, sasa vijana wanaitoa hata kwa bakuli la rameni, zile tambi za mchuzi, lililowakolea. Hiyo isikie kwanza kwa wengine kabla hujaitia mdomoni, na profesa usimpelekee.

Nikiambiwa nichague moja tu la kukupa, nitakupa otsukaresama desu. Ni "pole na kazi" yetu kabisa. Wazungu wanahangaika kulieleza kwa aya nzima, sisi tunalo tangu utotoni. Liseme mkimaliza kipindi cha maabara, liseme ukimpita mwenzio kwenye korido jioni, utaona watu wanavyokuchangamkia.

Tiketi ikitoka niandikie siku na saa, nije kukupokea uwanja wa ndege. Viungo vya pilau usisahau, iliki hasa, huku bei yake haishikiki.

Wako,
Rehema