Kibao cha namba ya nyumba nacho ni habari njema

Mhariri,

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, sifa za jiji letu haziishi magazetini, na sina ugomvi nazo. Treni nimeipanda, nikashuka Dar es Salaam shati likiwa bado na mkunjo wa pasi. Mtumba wizara zimepata majengo ya maana. Ila kuna kitu kidogo kimepigiliwa ukutani kwangu, karibu na geti, ambacho sijaona mtu akikiandikia hata aya moja. Nacho ni kibao cha namba ya nyumba.

Mimi ni mstaafu wa Posta, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumia kuchambua barua. Wajukuu wangu hawaamini nikiwaambia kwamba barua haikuwa inakwenda nyumbani kwa mtu. Ilikwenda kwenye sanduku, basi. Mwenye sanduku alikuja na ufunguo wake. Asiye nalo aliandikiwa kupitia kwa mwenye nalo: shule ya msingi, parokia, zahanati, au mwenye duka aliyeaminika. Sanduku moja la shule lilibeba barua za kijiji kizima, kwa hiyo mwalimu mkuu alijua nani kaandikiwa na mchumba na nani anadaiwa. Nimeshika kwa mikono yangu bahasha iliyoandikwa jina moja tu, na chini yake "karibu na kisima cha zamani, Dodoma". Kisima kipi? Bahasha za namna hiyo zilirudi zilikotoka, kama mwandishi alikumbuka kuandika anwani yake nyuma. Nayo, bila shaka, ilikuwa S.L.P.

Kwa mji mdogo hilo halikutuumiza sana. Katikati ya mji tulikuwa na barabara zetu za namba, na aliyepotea aliuliza. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilihesabu hapa watu 410,956, na ile ya mwaka 2022 ikakuta 765,179. Wengi wa hao wapya wamefuata ajira na biashara, hawana shangazi Chang'ombe wala hawajui nani aliwahi kuwa na mashine ya kusaga wapi. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "ukifika kwa Mangi uliza", amekwama, maana akina Mangi wako kila kona. Na Kisasa tuna eneo linaitwa Nyumba 300. Mgeni akiambiwa "niko Nyumba 300" anatafuta geti lenye namba hiyo.

Ndiyo maana Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 mimi niliipokea kwa furaha ya pekee. Iliendeshwa kabla ya sensa ya Agosti mwaka ule: mitaa ikapewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikapigwa namba, na kila kata ina postikodi yake ya tarakimu tano. Upande wetu wa barabara ni witiri tupu, ng'ambo ni shufwa. Majirani walinishangaa kuniona nazunguka kuvisoma vibao kimoja baada ya kingine. Mmoja aliniuliza kama nimeajiriwa upya.

Majuzi nilitumiwa mzigo wa kahawa kwa basi kutoka Moshi. Nilimwandikia kijana wa bodaboda jina la mtaa na namba ya nyumba, nikajiandaa kupigiwa simu zile za "mzee, niko hapa kwenye transfoma, sasa nikate wapi?" Simu haikuita. Niliposikia geti linagongwa nilidhani ni mtoto wa jirani. Kijana alinikabidhi mzigo, akachukua hela yake, akaondoka. Yeye hakuona ajabu yoyote katika hilo, na hapo ndipo nilipofurahi zaidi.

Sasa niseme yanayonikera, maana barua ya sifa tupu kwa mhariri haijakamilika.

Nguzo ya kona yetu iligongwa na lori la matofali. Haikuanguka, ilizunguka tu. Tangu hapo jina la mtaa wetu linaelekeza mtaa wa pili, na mtaa wa pili wamepewa jina letu. Wenyeji tunacheka, wageni wanaomaliza bando la intaneti wakitafutana hawacheki. Kuinyoosha ni kazi ya watu wawili na ndoo ya zege. Naomba ofisi za serikali za mitaa ziruhusiwe, na zipewe chochote kidogo, kurekebisha vitu vya namna hii bila kusubiri mradi mwingine mkubwa. Nyumba nazo zinazidi kuota kule pembezoni, na kibao kingefaa kiende pamoja na nyumba, siyo miaka mitatu baada ya mwenyewe kuhamia.

Kuna pia wanaochanganya namba ya kiwanja na namba ya nyumba. Ile ya kiwanja, yenye kitalu chake, iko kwenye hati na ni ya watu wa ardhi. Humsaidii mgonjwa kwa kumwambia dereva wa gari la wagonjwa "Kitalu C", hata kama hati ni halali kabisa. Andika ya kibaoni, ifundishe nyumba nzima, hata msichana wa kazi aliyefika jana.

La mwisho ni fomu. Mwezi uliopita nilijaza moja katika ofisi fulani hapa mjini. Palikuwa na nafasi ya S.L.P., palikuwa na nafasi ya faksi (faksi, Mhariri!), lakini mtaa na namba ya nyumba havikuwa na mahali. Nikaviandika pembeni kwa mwandiko mdogo. Dada wa dirishani akanirudishia fomu akisema nimeichafua, nikajaza nyingine. Wenye kuchapa fomu hizo, wa serikali na wa binafsi, watakapoagiza rimu mpya waongeze mistari miwili. Ile ya faksi wanaweza kuifuta ili nafasi itoshe.

Mstaafu wa Posta,
Ipagala, Dodoma