Risala ya Kikundi cha Usafi wa Mtaa kwa Mgeni Rasmi: Majitaka ya Mlimani, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, watendaji wa kata na mtaa, viongozi wa dini, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Karibu mlimani. Umepanda ngazi hizi kwa miguu, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya risala yetu umeshaielewa: gari halifiki huku. Hata gari la kunyonya vyoo halifiki, na mpira wake unaishia chini barabarani. Kuchimba shimo jipya nako ni shida, maana ukishuka futi tatu unagonga mwamba. Ndiyo sababu kwa miaka mingi choo kikijaa kilisubiri masika kitapishwe usiku, uchafu ushuke na mvua hadi Mto Mirongo, kisha Ziwa Victoria, ziwa lilelile ambalo jiji linachota maji ya kunywa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sensa ya 2012 ilihesabu watu 706,453 katika Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda mji wa Mwanza. Ile ya 2022 ilivuka milioni 1.1. Wengi wa walioongezeka wamejenga kwenye vilima, kwa kuwa tambarare ilishajaa. Habari njema za Mwanza siku hizi ni za vitu vikubwa: daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3, chanzo kipya cha maji Butimba, reli. Tunavifurahia. Ila sisi leo tumekuja na habari ya bomba la inchi 4.

Mtandao rahisi wa majitaka, uliojengwa kwenye vilima kama Igogo, Mabatini na Kilimahewa chini ya MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira ya Mwanza, kwa fedha za Serikali, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, haufuati barabara. Unapita uchochoroni, kati ya nyumba na nyumba, bila kuchimbwa kwenda chini sana kwa kuwa hakuna lori la kuukanyaga. Penye mwamba mtupu bomba hupita juu yake na kufunikwa zege. Bomba la plastiki likiachwa juani hukauka, likawa kama ganda la yai. Jiwe dogo likidondoka, limepasuka.

Kwa nyumba inayotaka kuunganishwa, kazi huanza na mpira wa leveli uliojazwa maji, kuhakikisha sinki la choo liko juu kuliko chemba ya mtaa, yaani kishimo chenye mfuniko ambamo mabomba hukutana. Nyumba iliyo chini ya chemba haiunganishwi hapo, hata mwenye nyumba akisihi vipi. Inatafutiwa chemba ya chini zaidi. Bomba la nyumbani lishuke angalau sentimita 2 kwa kila mita. Kona ya mraba haikubaliki. Zinawekwa bendi mbili, yaani viungo vya kupinda bomba, za nyuzi 45, kwa sababu kwenye kona kali ndipo fimbo ya kuzibulia inapogoma. Na maji ya bafuni na ya vyombo lazima yapite kwanza kwenye chemba ya kutegea, ambamo mchanga unazama, mafuta yanaelea, na maji ya katikati ndiyo yanatoka. Mchanga ukikaribia tundu la kutokea, chemba hiyo haina kazi tena. Kwa mama lishe ni kuisafisha kila wiki. Huku tunasugulia masufuria mchanga, na mchanga huo ukiingia kwenye bomba ukakutana na mafuta yaliyoganda usiku, asubuhi ni kama saruji.

Pedi, pampasi na matambara yanajulikana, hatutayarudia. Adui asiyesemwa ni maji ya mvua. Paa la mita za mraba 60, mvua ikinyesha milimita 40, linamwaga lita 2,400. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 40, inatoa lita 240 kwa siku. Kwa hiyo mtu mmoja akielekeza gata yake kwenye chemba, ameingiza majitaka ya siku kumi kwa mvua moja. Bomba halikupimwa kwa mzigo huo. Mfuniko unanyanyuka, si kwake bali kwa jirani wa chini, na hapo ugomvi unaletwa kwetu.

Kuziba kukitokea, tunafungua chemba kutoka juu kwenda chini. Ikipatikana iliyojaa, na inayofuata kavu, kizibo kiko katikati yao. Mfuniko ukitolewa tunasubiri hewa chafu itoke. Hakuna kuinamisha kichwa, hakuna sigara. Fimbo inaingizwa kutoka chemba kavu kuelekea juu, mshikaji akisimama pembeni maana maji yakiachia yanakuja kwa nguvu. Mbele ya tundu la kutokea tunaweka reki kudaka tambara, vinginevyo tumelihamishia tu chemba ya jirani. Na fimbo huzungushwa upande wa kulia peke yake. Ukizungusha kushoto vipande vinafunguana, kimoja kinabaki ndani ya bomba, na kazi ya nusu saa inageuka ya kuvunja zege.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Seti moja ya fimbo za kuzibulia ikae ofisi ya mtaa, pamoja na glovu ndefu na mabuti. Nakala ya ramani ya chemba ibandikwe hapohapo ofisini, kwa sababu baadhi zimeshafunikwa na sakafu za varanda na mwenye nyumba akihama hakuna anayejua zilipo. Na kibali cha kujenga huku kisitolewe kabla mtaa haujathibitisha kwamba msingi haukalii bomba. Hili la tatu halihitaji hata shilingi, linahitaji barua yako.

Chemba iliyo mbele ya meza yako tumeifunua makusudi tangu saa mbili asubuhi. Upande wa kushoto ni bomba la nyumba nne za juu, kulia ni njia ya kushuka. Utaona mstari mweusi ukutani, sentimita chache chini ya mfuniko: hapo ndipo maji yalipofika mvua ya mwisho. Tunakuomba usogee uitazame kabla ya kupewa maji ya kunawa.

Tunaomba kuwasilisha.