Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: nyuzi zimetoka, mkono haujapona

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado umegoma. Kioo kilinichana kiganja kikakata kano za vidole viwili, cha shahada na cha kati. Daktari aliyenishona alifanya kazi safi, hilo silikani. Siku ya kutolewa nyuzi faili likaandikwa "amepona", nikaruhusiwa. Kidonda kilikuwa kimepona kweli. Vidole ndivyo vilivyokataa kukunjika.

Hadi leo nikikunja ngumi, viwili hivyo vinabaki vimenyooka kama vinamwelekeza mtu njia. Vifungo vya shati nafungiwa na mwanangu wa miaka 6, na huwa anakosea tundu makusudi ili acheke.

Baadaye sana mtaalamu wa tiba ya viungo alinieleza kwamba kano iliyoshonwa huanza kuchezeshwa taratibu ndani ya siku chache, mkono ukiwa kwenye gango, la sivyo hunata kwenye nyama zinazoizunguka. Ukiikazania mapema, kabla ya wiki 12 hivi, inaweza kukatika tena. Mgonjwa atabahatisha vipi hapo peke yake? Mimi nilikaa wiki 6 nimeufunga mkono kitambaa, nikidhani naulinda.

Taarifa zenu hutaja idadi ya waliopasuliwa, basi. Waliorudi kushika ufunguo ni wangapi? Kipimo kipo tangu 1996: dodoso la DASH, maswali 30, mgonjwa anajijibia kama anaweza kuandika, kufungua kopo lililokaza, kugeuza ufunguo. Alama ni 0 hadi 100, na zikipanda ujue mkono una hali mbaya. Lipo na fupi la maswali 11. Mashine haihitajiki.

Ila kuuliza mara moja hakutoshi. Neva iliyoshonwa huota kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo aliyekatwa karibu na kiwiko ana miezi mingi ya kungoja. Na wazee waliovunjika kifundo cha mkono, tafiti zimeonyesha kuwa baada ya mwaka wengi waliowekewa chuma hawawapiti sana waliofungwa plasta. Bila kuwauliza wagonjwa wenu, mtajuaje nani alipasuliwa bure?

Naomba mawili: asiruhusiwe mtu bila tarehe ya tiba ya viungo mkononi, na aulizwe tena baada ya miezi 3, kisha mwaka. Dodoso likija, nipeni mimi wa kwanza. Nitahitaji tu mtu wa kunishikia karatasi.

Wako,
Aliyeandikiwa "amepona"