Mary Celeste: anzeni na pampu, siyo majini na mapepo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Mary Celeste, meli iliyokutwa baharini mwaka 1872 bila mtu hata mmoja ndani, imesomwa sana hapa Kigoma, na kule kwenye mwalo wa Kibirizi imezua ubishi mkubwa. Bahati mbaya imebeba mambo ambayo hayakuwapo. Chai haikukutwa ikifuka mvuke, chakula hakikuwa kimepakuliwa mezani, na mashua ya meli haikuwa mahali pake. Hayo yaliongezwa na watunga hadithi miaka mingi baadaye. Naomba msahihishe hasa hilo la mashua. Ukishasema mashua ilikuwapo, umeziba njia pekee ya kueleza watu waliondokaje, na linalobaki ni kusingizia majini na mapepo.

Yaliyosemwa mbele ya mahakama ya Gibraltar, bandari ya Waingereza kusini mwa Hispania ambako meli ilipelekwa baada ya kukutwa, ni haya. Meli hiyo ya milingoti miwili ilitoka New York tarehe 7 Novemba 1872 kuelekea Genoa, Italia, ikiwa na mapipa 1,701 ya spiriti ya viwandani. Ndani walikuwamo watu 10: nahodha Benjamin Briggs, mkewe Sarah, binti yao Sophia wa miaka miwili, na mabaharia saba. Maandishi ya mwisho ya safari ni ya asubuhi ya tarehe 25 Novemba, karibu na kisiwa cha Santa Maria katika visiwa vya Azores. Tarehe 4 Desemba meli ya Dei Gratia iliikuta ikienda ovyo kati ya Azores na Ureno, baadhi ya matanga yakiwa bado juu. Mashua haipo. Kronomita (saa ya meli), sekstanti (kifaa cha kupimia meli ilipo kwa jua na nyota) na hati za meli hazipo. Makoti ya mvua na viko vya mabaharia vipo. Anayechukua sekstanti anajua anaondoka na anakusudia kujua alipo; baharia anayeacha kiko chake ameondoka kwa haraka.

Maharamia wangechukua mzigo na vitu vya thamani, navyo vilibaki. Mwanasheria wa serikali pale Gibraltar, Solly-Flood, alishikilia kwamba kulikuwa na uasi na mauaji kwa sababu ya upanga uliokutwa melini ukiwa na madoa. Madoa yalipimwa, hayakuwa damu.

Kilichonishangaza katika makala yenu ni kwamba vitu viwili vyenye uzito kuliko vyote havikutajwa kabisa. Pampu moja kati ya mbili ilikutwa imefunguliwa, na kijiti cha kupimia maji kilikuwa sitahani. Ngamani, yaani ndani kabisa chini ya meli, kulikuwa na maji ya futi tatu na nusu. Anayeyaona kwa macho anaogopa, lakini meli ile ilikuwa na kina cha zaidi ya futi 16 na mzigo wa mapipa yanayoelea. Oliver Deveau, msaidizi wa nahodha wa Dei Gratia, alipanda na wenzake wawili tu, wakayatoa maji, wakaipeleka hadi Gibraltar. Watu watatu! Basi meli ilikuwa nzima. Deveau mwenyewe aliieleza mahakama kwamba huenda kipimo cha maji kilitoa jibu la uongo, watu wakadhani wanazama.

Anayefanya kazi ya vyombo haoni ajabu hapo. Kijiti hushushwa kwenye kisima cha pampu hadi kiguse chini, na unasoma palipolowa. Kikiwa kimelowa tangu mwanzo, au chombo kikiwa kimelala upande, unasoma maji yasiyokuwapo. Pampu nayo ikiziba, maji hayashuki hata ukipampu mpaka mikono ife ganzi, na hapo nahodha anaamini kwamba yanayoingia yanazidi yanayotoka. Mary Celeste ilikuwa imebeba makaa ya mawe katika safari iliyotangulia, kisha ikafanyiwa matengenezo makubwa. Vumbi la makaa na vipande vya mbao vikishuka ngamani, mwisho wake ni kwenye mdomo wa pampu.

Ipo nadharia ya pili ambayo siidharau: mvuke wa spiriti. Kule Genoa mapipa tisa yalikutwa matupu, nayo yalikuwa ya mwaloni mwekundu, mti unaovuja kuliko mwaloni mweupe. Spiriti huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 13 hivi, na meli ilitoka kwenye baridi ya New York ikaingia maji yenye joto zaidi. Mwaka 2006 mkemia Andrea Sella wa London aliwasha gesi katika mfano wa ngama. Mlipuko ulirusha vifuniko lakini haukuunguza hata karatasi zilizokuwa ndani. Kwa hiyo kukosekana kwa alama za moto hakuiui nadharia hii. Kinachonizuia ni kwamba kifuniko kikuu cha ngama kilikutwa kimefungwa sawasawa. Mimi naegemea upande wa pampu, ingawa hofu mbili zinaweza kumpata nahodha mmoja kwa wakati mmoja.

Kuhusu mwisho wao, kamba nene ya tanga ilikutwa imekatika na kuning'inia nje ya meli. Wengi wanadhani mashua ilifungwa kwa kamba hiyo ili watu wangoje nyuma kwa usalama. Matanga yalikuwa juu. Upepo ukiongezeka meli inakimbia, kamba inakaza na kulegea hadi inakatika, na mashua yenye watu 10 haiwezi kuikimbiza kwa makasia.

Kama mnaona ni tukio la zamani mno, tazameni meli ya Joyita, iliyokutwa tupu vilevile. Iliondoka Apia, Samoa, Oktoba 1955 na watu 25, ikakutwa Novemba upande wa Fiji, imejaa maji, haina mtu. Bomba la chuma la kupozea injini lililounganishwa na kiungo cha shaba lilikuwa limeliwa na kutu likavuja. Pampu hazikuwa na chujio, zikaziba kwa takataka. Waya wa redio ulikuwa umekatika na rangi iliyopakwa juu ikaficha palipokatika, hivyo sauti haikufika mbali. Na meli yenyewe isingezama, kwa sababu ndani ilikuwa imepigwa magome mepesi yanayoelea, yale ya kutengenezea vizibo vya chupa. Watu wangebaki melini, huenda wangeokolewa.

Maji ya Tanganyika hayana chumvi, kutu ya namna hiyo huenda polepole. Ila takataka tunazo: mabaki ya dagaa, nyuzi za nyavu, mifuko. Chujio la pampu liwe na matundu yasiyozidi milimita 10, na jumla ya eneo la matundu iwe mara mbili ya eneo la mdomo wa bomba. Bomba la milimita 40 linahitaji matundu 50 ya milimita 8. Ukitoboa kumi tu, umeinyonga pampu mwenyewe. Kijiti kikaushwe, kipakwe chaki, kishushwe chombo kikiwa kimekaa sawa, na kirudiwe baada ya dakika kumi. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayosema kama maji yanapanda, na kwa kasi gani. Boti inayobeba mapipa ya petroli kwenda vijijini ifunguliwe ipitishe hewa kabla ya mtu kugusa swichi ya pampu ya umeme, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hulala ngamani.

Na ikilazimu watu washuke kwenye mtumbwi, kwanza zima injini au shusha tanga. Upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi husukuma boti tupu kwenda kaskazini kwa kasi ambayo kasia haliifikii.

Fundi wa boti,
Ujiji, Kigoma