Kwa vijana wa Msambweni mnaoulizia njia ya kuwa jenerali

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nimezipata, marahaba. Juzi baada ya sala ya Ijumaa mlinizunguka chini ya mkorosho, saba kwa hesabu yangu, na swali lenu lilikuwa moja: mtu hupitia wapi mpaka akawa mkuu wa wanahewa, yaani jeshi la anga? Niliwajibu nusu, maana dawa ya presha ilikuwa ikiningoja nyumbani. Nusu iliyobaki ndiyo hii. Naiandika wazi kwa sababu najua Ukunda na Lunga Lunga wako wenzenu wenye swali lilo hilo.

Kwanza mjue anayewajibu ni nani. Mimi nilikuwa fundi wa injini. Nilistaafu nikiwa sajini, na nyota za uafisa sikuwahi kuvaa. Lakini miaka ishirini na miwili niliwaandalia maafisa ndege zao, nikawapandisha ngazi, nikawafunga mikanda, na fundi humjua rubani kama mpishi anavyomjua mwenye nyumba.

Mlimtaja mwanahewa mmoja, marehemu Jenerali Francis Ogolla. Basi tumtazame yeye, maana safari yake iko wazi kwa kila mtu. Alizaliwa Februari 1962. Aliingia jeshini tarehe 24 Aprili 1984, na Mei 1985 akapata kamisheni, yaani akafanywa afisa rasmi, kwa cheo cha kuanzia cha luteni-usu. Akawa Mkuu wa Majeshi ya Kenya Aprili 2023. Toeni wenyewe: miaka 39. Nami nawajua nyinyi, kungoja matatu ya Likoni ijae tu huwashinda.

Na uangalieni mwaka ule alioingia. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa wanahewa walijaribu kuipindua serikali, na kabla jua halijatua mambo yalikuwa yamekwisha. Kikosi kizima kilivunjwa. Askari wake walizolewa wakawekwa kizuizini, mamia wakafungwa, na kamanda wao, Meja Jenerali Peter Kariuki, akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi naye akafungwa. Hata jina kilinyang'anywa, kikaitwa 82 Air Force mpaka 1994 kiliporudishiwa lake. Aliyekabidhiwa kazi ya kukisimamisha upya, Mahmoud Mohamed, alitolewa jeshi la nchi kavu. Mimi nilipojiandikisha 1986, mama yangu alilia siku mbili. Hakuwa akiogopa ndege kuanguka. Aliogopa watu wangesemaje. Kwa hiyo kijana aliyekwenda kuwa afisa wa wanahewa 1984 hakukuta sifa zozote za kugawana. Alikuta nyumba iliyoungua, na kazi ya kuijenga.

Sasa ngazi yenyewe. Unaanzia Lanet, Nakuru, kwenye chuo cha maafisa. Ukifuzu ni luteni-usu, halafu luteni, kapteni, meja. Mpaka hapo, ukifanya kazi na kupita mitihani, mlango haukazi sana. Kuanzia luteni kanali mambo hugeuka, kwa sababu nafasi zinahesabika. Kanali ni wachache, mabrigedia wachache zaidi, na kamanda wa wanahewa ni mmoja, naye ni meja jenerali. Kila cheo kina umri wake wa kustaafu. Ukikufika hujapandishwa, unarudi nyumbani na shukrani. Nimewaona mameja hodari, watu ambao ningewapa hata roho yangu waibebe angani, wakikabidhi vifaa na kwenda kulima Nyeri. Hawakukosea kitu.

Mnachokiona nyinyi kwenye picha ni mabega na gwaride. Mimi ningependa mwangalie katikati ya safari ya Ogolla, pale ambapo hapana picha. Alifunzwa urubani wa ndege za kivita na wanahewa wa Marekani, kisha akarudi kuwa mkufunzi. Alisomea kutambua habari za kijasusi kwenye picha zilizopigwa kutoka angani, kupambana na ugaidi, na uchunguzi wa ajali za ndege. Alikwenda chuo cha kijeshi cha Paris. Chuo Kikuu cha Nairobi alichukua shahada ya siasa, migogoro na amani. Aliongoza kambi ya Laikipia na ile ya Moi pale Eastleigh kabla ya kupewa wanahewa wote 2018.

Ukufunzi, wanangu, ni kazi ya kukaa kiti cha pembeni huku mtoto wa miaka ishirini na mbili akijaribu kukuua kwa bahati mbaya, nawe hutakiwi kupiga kelele. Na uchunguzi wa ajali ni kazi ya kuokota vipande. Unaketi na daftari la ndege, unatafuta nani alifunga nati gani, saa ngapi, na sahihi ya nani iko chini. Hapo hakuna anayekupigia makofi. Afisa aliyepita huko hukagua ndege kwa jicho jingine kabisa, na sisi mafundi tulikuwa tukiwatambua kwa namna walivyoizunguka ndege kabla ya kupanda. Wengine walizunguka kama mtu anayezungukia kaburi la asiyemjua. Wengine walipitisha mkono kila mahali.

Niwape kisa kimoja, na aibu yake ni yangu. Vifaa vyetu vilikaa kwenye ubao uliochorwa umbo la kila spana na kila bisibisi, ili kikikosekana kitu pengo lionekane. Jioni moja pengo likaonekana: bisibisi yangu. Chombo kikipotea, ndege zote ulizozigusa siku hiyo haziruki mpaka kipatikane, kwa sababu bisibisi iliyosahauliwa inaweza kubana usukani angani. Kulikuwa na safari usiku ule, nayo ikafutwa kwa ajili yangu. Kapteni aliyekuwa aruke alikuja bandani, nikajua leo nimekwisha. Akavua koti, akashika tochi, akalala chali chini ya bawa. Tulitafuta saa tatu. Tukaikuta kwenye mfuko wa ovaroli niliyokuwa nimeitundika. Hakunitukana. Aliniambia niandike kwa mkono wangu yaliyotokea, neno kwa neno, kisha nikawasomee wenzangu asubuhi. Yule kapteni alifika ukanali. Kwangu mimi hakuna jenerali aliyempita.

Kuna wawili kati yenu walisema macho yao hayafai urubani, kwa hiyo ndoto imekufa. Nani kawaambia? Jenerali Julius Karangi, aliyeingia 1973, hakuwa rubani. Alikuwa navigeta, yule anayesoma ramani na kumwambia rubani aelekee wapi. Ndiye mwanahewa wa kwanza kuongoza majeshi yote ya Kenya, kuanzia 2011 hadi 2015. Nawe binti uliyesimama nyuma umekumbatia madaftari, nilikuona. Fatuma Ahmed aliingia jeshini 1983, wakati wanawake walikuwa na kikosi chao cha peke yao, kilichokuja kuvunjwa 1999. Mwaka 2015 akawa brigedia wa kwanza mwanamke, 2018 meja jenerali wa kwanza, akasimamia mambo ya askari na vifaa makao makuu, na Mei 2024 akapewa wanahewa wote. Siku anaingia, cheo hicho hakuna mwanamke aliyethubutu hata kukitamka.

Jambo la pesa nitalisema kwa ukali. Usajili wa jeshi ni bure. Jirani yangu mmoja aliuza minazi arubaini akampa mtu aliyejiita mjomba wa kanali, akaletewa barua yenye muhuri. Kijana akaenda nayo mpaka langoni, na pale langoni barua ikawa ushahidi dhidi yake. Hesabu, Kiingereza na sayansi ndiyo hongo yenu. Anayewaambia kuna nyingine, nileteeni jina lake nikaongee naye.

Na wazazi wenu wamenituma niwaambie na hili, ingawa walitaka niliseme kwa njia ya kuwatisha, nami siwatishi. Tarehe 18 Aprili 2024 Ogolla alikuwa ametoka kutembelea askari na kukagua shule zinazokarabatiwa kule kaskazini mwa Bonde la Ufa. Helikopta aina ya Huey ikaanguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kuruka. Waliokuwamo ni kumi na wawili, wakapona wawili. Mtu aliyesomea kuchunguza ajali akawa ndani ya ajali inayochunguzwa. Alikuwa ameacha wosia azikwe ndani ya saa 72. Jumapili ile alizikwa kwao Siaya bila jeneza. Sisi Waislamu huku pwani tulitazama tukasema, kumbe mambo haya si yetu peke yetu. Mzee mwenzangu aliuliza, miaka 39 na nyota zote zile, hata sanduku hakutaka? Sikumjibu. Nilikuwa nawafikiria mafundi waliotia sahihi asubuhi ya siku ile, na usiku wanaolala nao.

Wanaotaka kuendelea na mazungumzo haya waje Jumamosi baada ya Alasiri na karatasi za hesabu za kidato cha nne, si picha za ndege. Tutaanza na pembetatu. Na aliyeazima ngazi yangu kuchumia madafu airudishe, na bisibisi iliyokuwa juu yake pia.

Babu yenu,
Fundi mstaafu, Msambweni