Usiliuze jiko lile

Bukavu, Nguba

Papa Furaha, ndugu yangu,

Jambo kwako, kwa mama na kwa watoto. Sisi huku tuko wazima, ila baridi ya mwezi wa saba inatukamata kila jioni, hasa upepo ukitoka ziwani. Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu habari moja imeninyima usingizi: kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu wamekuja kulipima jiko la marehemu baba yako, lile Godin la kuni. Nakuomba, waambie wangoje. Nimezikuza zile picha ulizonitumia na kuziangalia moja moja. Kilichochakaa ni vya ndani tu. Mwili ni mzima kabisa.

Majiko haya yalisubiwa kwa akili. Kiwanda chenyewe kilikuwa Guise, Ufaransa, kazi ya Jean-Baptiste André Godin katika karne ya 19. Wasubuji wale walijua kwamba moto lazima ule kitu, basi wakaweka ndani vipande vya kuliwa: chanja ambayo kuni zinalala juu yake, matofali ya pembeni, na bamba la juu linalouzuia moto usikimbilie bombani moja kwa moja. Vyote hivyo hutolewa na kurudishwa. Vikiisha unaweka vingine, na mwili unaendelea kuwatumikia watoto wako.

Tuanze na chanja, maana ndiyo imeharibika zaidi: imepinda katikati na meno yake mengine yamekatika. Uliniandikia kwamba siku hizi mnawasha makala, yaani mkaa, humo. Naona ndiyo sababu. Makala yakikaa juu ya chanja na kupata hewa kutoka chini, hutoa joto kali mno pale pale yalipolala. Ongeza majivu. Droo ikijaa mpaka majivu yakagusa chanja, ile hewa ya baridi iliyopaswa kuipoza haipiti tena. Chuma cha fonti, yaani chuma cha kumimina kama cha jiko hili, huyeyuka karibu na nyuzi joto 1,200, kwa hiyo hakitayeyuka jikoni, lakini muda mrefu kabla ya hapo hupinda na kubanduka magamba. Mwambie Furaha amwage majivu kila asubuhi.

Kwa chanja mpya, usiwaendee mafundi wanaoyeyusha aluminiamu ya sufuria. Nawaheshimu sana, lakini aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, nayo haifai hata kidogo chini ya moto wa kuni. Nenda kwa mchomeleaji, akukatie fito nene za chuma na kuziunga kwa kipimo cha ile ya zamani. Haitadumu kama fonti, ila itakapokwisha utatengeneza nyingine hapo hapo Goma. Asiibane kwenye kuta: aache nafasi ya milimita chache kila upande. Chuma kikipata moto hutanuka, na chanja iliyobanwa husukuma mwili mpaka ukapasuka. Na huyo mchomeleaji asiuguse mwili wenyewe. Fonti ina kaboni nyingi; ukiichomelea kwa elektrodi ya kawaida, bila kuipasha moto kwanza na kuiacha ipoe polepole, hupasuka kando ya kiungo.

Matofali yasikutie hofu. Ufa mdogo si kitu maadamu tofali limekaa mahali pake. Lililomomonyoka hadi ukaona chuma nyuma yake, badilisha. Usipopata ya kiwandani, finyanga udongo mzuri uliochanganywa na unga wa matofali yaliyokwisha kuchomwa, kwa kuwa unga huo hupunguza kusinyaa. Yakaushe kivulini bila haraka, kisha yachomwe kwenye tanuru pamoja na matofali ya kawaida.

Sasa mlango, na hapa nakusihi sana. Ile kamba ya kijivu kwenye mfereji wake huenda ina asbesto. Ufaransa ilipiga marufuku asbesto mwaka 1997, na jiko lako ni la zamani zaidi ya hapo. Vumbi lake likiingia kifuani huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Usiikwangue ikiwa kavu wala usiipige brashi. Watoto watoke nje, funika pua na mdomo kwa barakoa nzuri, iloweshe maji mpaka ilainike, iondoe nzima nzima, uifunge ndani ya mifuko miwili na uifukie mbali na visima. Mahali pake weka kamba ya nyuzi za kioo, na wakati wa kuibandika usiivute, isije ikawa nyembamba. Kisha fungia mlango juu ya kipande cha karatasi na ukivute. Kikitoka bila kushikwa, hewa bado inapenya.

Siku za kwanza washa moto mdogo tu, ili unyevu utoke kwenye udongo.

Papa Furaha, usinione mkaidi kwa chuma kikuukuu. Makala mengi ya Goma hutoka kwenye msitu wa hifadhi ya Virunga, nawe unajua vijana wangapi wamefia msitu ule. Tena kuni zikigeuzwa makala kwenye tanuru za huko, zaidi ya nusu ya nguvu zake hupotea kabla gunia halijafungwa. Jiko lililofungwa vizuri, likilishwa mikalitusi mikavu iliyopandwa mashambani, linapika na kupasha nyumba moto bila kugusa hifadhi.

Nipimie bamba la juu: urefu, upana na unene wa upande ambao haujaliwa. Lichore kwenye karatasi, onyesha matundu yako wapi, unitumie kwa boti. Namjua fundi mmoja wa mtaa wa Kadutu hapa Bukavu mwenye vipande vya bamba nene, nitamwendea mara tu mchoro ukifika. Bei yake nitakuambia kabla hajakata.

Wako,
Papa Amani