Fungu la Chombo

Kibokoni, Mombasa

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka pwani, na za mama pia, ambaye bado auliza kama huko Eldoret wapata nazi. Barua yako niliisoma kwenye feri nikacheka peke yangu mpaka aliyekuwa kando yangu akasogea. Yaani vijana wako wamecheza Dungeons & Dragons, mchezo huu wetu wa kisa na dadu ambao kila mtu huigiza mhusika wake, wiki tatu tu, na tayari wawili hawasemezani kwa sababu ya upanga? Upanga wenyewe haupo! Lakini sisi tuna haki gani ya kuwacheka.

Wataka kujua siku hizi twagawa vipi ngawira. Nitakwambia, ila yabidi nianze na aibu yangu, maana mpango wetu ulizaliwa hapo.

Ulipoondoka tulibaki wachezaji watano na msimamizi, yule asimuliaye kisa na kuwachezea maadui. Usiku mmoja, barazani kwa fundi simu, tukamuua joka. Msimamizi akasoma hesabu: dhahabu 1,800 na upanga mmoja wa uchawi. Wakumbuka sarafu twazihesabu kwa komwe za bao. Sasa kila komwe ni dhahabu 50, kwa kuwa kitabu chasema sarafu 50 ni ratili moja, basi ukitazama komwe zako wajua na mzigo wako. Komwe 36 zikamwagwa katikati ya meza, kando ya sahani ya viazi karai.

Sasa, kabla wenzangu hawajaingia kwenye pango lile, mimi mdokozi nilikuwa nimetangulia kutafuta mitego. Nikaandika kikaratasi, "Nikiona kitu kidogo cha thamani natia mfukoni, wasijue," nikampitishia msimamizi chini ya meza. Akaitikia kwa kichwa, akaandika chini yake: "Pete ya ulinzi." Nikakikunja nikakisukuma chini ya sahani. Kwa nini sikukila, sijui. Viazi vilipokwisha, mke wa fundi akaja kuondoa sahani yake.

Kikaratasi kikabaki pale mezani na doa la ukwaju. Fundi akakisoma kwa sauti. Askari wake alikuwa amebakiwa na alama mbili za uhai kwa kusimama mlangoni ili mimi nitambae ndani salama. Hakunitukana. Alisema tu, "Mimi nashika mlango, wewe wachagua pete," akaanza kurudisha dadu zake mfukoni, moja moja. Wallahi ningetukanwa ningeona nafuu.

Nikajitetea kwamba ndivyo mhusika wangu alivyo, mwizi huiba. Utetezi huo utausikia kwa vijana wako, na nakuomba usiupokee. Mdokozi wangu ni maandishi ya penseli kwenye karatasi. Aliyetaka pete ni mimi, na viazi vyao nilikuwa navila. Na vikaratasi vya siri pia usipokee. Msimamizi wetu alikuja kukiri kwamba yeye ndiye aliyefurahia zaidi.

Nimesoma kwamba zamani ingekuwa balaa kubwa zaidi. Gygax na Arneson walipoutoa mchezo huu 1974, dhahabu uliyotoka nayo pangoni ndiyo iliyokukuza: sarafu moja ya dhahabu, alama moja ya ujuzi. Kumdokolea mwenzako sarafu ilikuwa kumdumaza. Siku hizi ujuzi huja kwa kuwashinda maadui au kwa kufika mahali fulani katika kisa, dhahabu imebaki kuwa pesa tu, na ugomvi wote umehamia kwenye vitu vya uchawi. Nadhani ndiyo maana wawili wako wamenuniana kwa upanga na si kwa sarafu.

Aliyetupatanisha ni yule kijana wa Likoni, mlozi wetu, ambaye babake mvuvi. Amekaa kimya muda wote, mara akavuta komwe zote kwake. "Kwetu," akasema, "samaki wakishauzwa yatolewa kwanza pesa ya mafuta na barafu. Kisha chombo kina fungu lake na nyavu zina fungu lake. Ndipo watu wagawane." Akazipanga komwe mafungu sita: matano ya watu, la sita akaliweka peke yake karibu na taa. Komwe sita kila fungu, dhahabu 300. Akaligusa lile la taa. "Hii ni almasi moja."

Tukanyamaza, maana sote twaijua almasi hiyo. Ile dua ya kumrudisha mtu ndani ya dakika moja baada ya kufa yataka almasi ya dhahabu 300, na ikishatumika imekwenda. Almasi hizo, pamoja na dawa za kuponya za dhahabu 50 kila chupa, tulimwachia kuhani azinunue kwa fungu lake mwenyewe, kisha atumiminie sisi. Yaani kadiri alivyotuweka hai ndivyo alivyozidi kufilisika, nasi twampongeza. Wewe ulikuwa kuhani wetu miezi minane na hukulalamika hata siku moja. Nisamehe.

Basi ndivyo tufanyavyo sasa: fungu la chombo hutoka kwanza, na hununua tu kile kinachotumika kwa ajili ya wote. Sarafu zilizobaki ni sawa kwa sawa, hata kwa aliyekosa siku hiyo kwa sababu ya zamu kazini. Hilo la mwisho lilibishaniwa sana, na bado kuna mmoja anaguna.

Vitu vya uchawi ni kesi nyingine. Kuna wanaokata bei ya kitu kwenye fungu la aliyekichukua. Tulijaribu mara moja tukaacha, maana kitabu cha msimamizi cha 2014 kinakwambia kitu cha nadra ni kati ya dhahabu 501 na 5,000. Hiyo ni bei gani? Hata dalali wa Marikiti angeona haya kuitamka. Sisi twauliza kwanza ni nani atakayekitumia kesho asubuhi. Wakiwa wawili, watupe dadu ya pande ishirini, na aliyeshinda aende nyuma ya foleni mpaka wengine nao wapate. Sheria zenyewe zasaidia: vile vitu vyenye nguvu havikutumikii mpaka mhusika wako afungamane navyo, na huwezi kufungamana na zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja, kwa hivyo mlafi ana mwisho wake. Upanga wa joka ulikwenda kwa askari bila hata dadu kuguswa. Alipoomba chombo kimkopeshe afikishe dhahabu 1,500 za deraya kamili, hapo tulikataa. Huenda tulikosea, maana yeye ndiye asimamaye mlangoni.

Kitu kimoja kiamue mapema, kabla hajafa mtu: mirathi. Mmoja wetu mhusika wake aliliwa na zimwi, akaja na mpya, eti ni mdogo wake marehemu na yuwadai kila kitu. Na huyo mdogo amekuja na silaha zake mwenyewe! Tulibishana saa nzima, mtu akapendekeza twende kwa Kadhi. Mwishowe mali ikaingia kwenye chombo, na mdogo mtu akapewa kofia ya marehemu.

Pete niliitoa usiku uleule. Askari ndiye aivaaye, na viazi karai vya wiki mbili zilizofuata nilinunua mimi.

Ulipoondoka uliacha komwe nne. Nimekuwekea kwenye kijaluba cha nyanya yangu, mbali na za wengine. Lakini fanya uje, maana kijana wa Likoni ashasema zikifika Ramadhani bila mwenyewe, ni za chombo.

Nduguyo,
Mdokozi